Nyota Wageni na Makatibu Wao

Katika mwezi wa Rajabu wa mwaka 396 wa Hijria, mwishoni mwa Aprili ya mwaka 1006 wa Miladi, kijana mmoja wa Misri aitwaye Ali bin Ridhwan, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akianza masomo yaliyokuja kumfanya tabibu mashuhuri wa Kairo, aliona upande wa kusini wa mbingu nyota ambayo haikuwa miongoni mwa zile zilizojulikana na wajuzi wa falaki. Alipokuwa mtu mzima na kuandika sharhi ya kitabu cha unajimu cha Batlimusi, mwanafalaki wa kale, aliieleza nyota ile kwa uangalifu wa shahidi aliyekula yamini: kwamba ilikuwa ya mviringo, kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au mara tatu, kwamba nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi, kwamba ilitokea katika daraja ya 15 ya buruji ya Akarabu, ilhali jua lilikuwa katika daraja ya 15 ya Thauri, kisha akaongeza mahali ulipokuwa mwezi na mahali ilipokuwa kila sayari siku hiyo.

Ali bin Ridhwan alisadiki pia kwamba nyota ile, kwa kuwa ilitokea katika Akarabu, ilileta vita na kuangamiza miji. Na kwa zama zake hiyo haikuwa rai ya mjinga, ilikuwa rai ya mtu aliyesoma. Rai hiyo imekwenda na dahari. Zile daraja 15 za Akarabu hazikwenda popote, na ndizo zilizowawezesha watu wa karne ya ishirini kuhesabu kinyumenyume na kusema kwamba mbingu aliyoieleza ilikuwa ya usiku wa tarehe 30 Aprili. Tarihi ninayokusudia kuisimulia hapa ni ya kazi ya namna hiyo, yaani kazi ya watu walioandika kwa amana walichokiona juu hata pale kilipokataa kuafikiana na walichokijua. Maana maarifa tuliyo nayo leo juu ya namna nyota zinavyopasuka, hasa zile zipasukazo kinyume cha kaida, yamesimama juu ya msingi huo zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nyota ya mwaka 1006 ndiyo iliyong'aa kupita zote zilizopata kuandikwa na binadamu. Waandishi wa Yemen waliitaja katika tarihi za nchi yao. Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu ambaye sifa zake hazihitaji kukaririwa, aliandika katika Kitab al-Shifa kwamba ilidumu karibu miezi mitatu, ikianza na rangi ya kiza na ukijani, kisha ikirusha cheche, kisha ikizidi kuwa nyeupe na kufifia mpaka ikatoweka. Na habari hiyo ya kugeuka kwa rangi ni tunu adimu. Katika Uchina mnajimu Zhou Keming alimtoa mfalme wake hofu kwa kumwambia kwamba ile ni nyota ya heri. Katika Uswisi watawa wa Sankt Gallen waliiona ikichungulia juu ya milima ya kusini, ikipanda kidogo mno kwa sababu ya mahali walipokuwa. Ama sisi wa mwambao, kwa hesabu ya latitudo, mtu aliyesimama Kilwa au Unguja nyakati hizo angeiona imepanda juu sana kuliko alivyoiona Ali bin Ridhwan, mradi mawingu ya masika yamempisha, na nahodha aliyezoea kusafiri kwa nyota asingeweza kuikosa. Lakini hakuna hati ya mwambao iliyotufikia yenye habari hiyo, na kwa ajili hiyo walichokiona wazee wetu, ikiwa walikiona, hakina nafasi katika hesabu.

Faida ya hati ilidhihirika baada ya miaka 959. Mwaka 1965 mtaalamu wa Kimarekani, Bernard Goldstein, alizikusanya na kuzitoa habari za Kiarabu juu ya nyota ile, na mwaka huohuo wanafalaki wawili, Gardner na Milne, wakitumia darubini ya redio ya Parkes katika Australia, walitambua mabaki yake: ganda la mviringo la gesi lingali likitanuka, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 7,000 kutoka hapa tulipo. Katikati ya ganda hilo hapana kitu. Nyota iliyokuwapo ilipasuka ikaisha yote, isibakize hata kiini. Na nyota ya kufa namna hiyo, kama tutakavyoona, ni ile iitwayo kibete cheupe.

Niiache ile ya mwaka 1054, kwa kuwa ilikuwa kifo cha nyota kubwa iliyojiporomokea, ambacho ni kifo cha namna nyingine, niende kwa ile ya mwaka 1181. Tarehe 6 Agosti ya mwaka huo wanajimu wa kusini ya Uchina walimwona waliyemwita nyota mgeni, na siku iliyofuata wa Japani nao wakamwona, katika sehemu ya mbingu ambayo Waswahili, kwa kufuata Waarabu, huiita Mke wa Kurusi. Hakuwa mgeni wa kutisha. Mwandishi wa Japani alimlinganisha na Zohali, sayari ambayo watu wengi huipita kila usiku wasiijue. Tena hakuhama, wala hakuota mkia kama nyotamkia, bali alikaa palepale siku 185 akififia mpaka akapotea. Makatibu waliandika siku ya kuja kwake, mahali pake, na muda wake, wakafunga madaftari. Mgeni huyo alikuwa hafifu mno kuweza kuwekwa katika daraja moja na yule wa 1006, na kwa muda wa karne nane hakuna aliyeweza kusema kwa yakini alikuwa nini.

Mwaka 1572 na mwaka 1604 walikuja wageni wengine wawili, na safari hii Ulaya ilikuwa macho. Yule wa kwanza alionekana na Tycho Brahe wa Denmark jioni ya tarehe 11 Novemba 1572, naye pia alikuwa katika Mke wa Kurusi, akiwa na nuru ya kushindana na Zuhura. Tycho alimpima usiku baada ya usiku dhidi ya nyota za jirani, akaona hasogei hata chembe, akakata shauri kwamba yu mbali kupita mwezi. Na hukumu hiyo, aliyoitoa katika kitabu chake cha mwaka 1573, ilikuwa pigo kwa mafundisho ya Aristotle yaliyosema kwamba katika mbingu za juu hakuna kizaliwacho wala kifacho. Yule wa pili aliandikiwa kitabu na Johannes Kepler. Vipimo vyao vilikuwa vizuri hata wanafalaki wa baadaye wakaweza kuchora jinsi nuru ilivyopanda na kushuka. Na mwaka 2008 ikatokea ajabu ya kwamba nuru ya mgeni wa Tycho, iliyokuwa imegonga vumbi la mbali na kurudi kwa njia ndefu zaidi, ilinaswa na kuchambuliwa, ikathibitishwa kwamba na yeye alikuwa kibete cheupe.

Je, kibete cheupe ni nini? Nyota ya wastani, mfano wa jua letu, huishi kwa kuunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli, kisha heli kuwa kaboni na oksijeni. Mafuta yake yanapokwisha, hutupa matabaka yake ya nje, na kiini kinachosalia hujikaza mpaka kikawa na ukubwa wa dunia yetu hii ilhali uzito wake ni wa kulinganishwa na wa jua. Kimojawapo cha vya kwanza kufahamika vizuri kilikuwa mwandani wa nyota ya Shira, ile Sirius ya Wazungu, ambayo Mola wake ametajwa katika Sura ya An-Najm. Mwaka 1844 Bessel wa Ujerumani, kwa kuona Shira ikiyumba katika mwendo wake, alisema kwamba ina mwenzi asiyeonekana; mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani, alipokuwa akijaribu darubini mpya, alimwona mwenzi huyo; na mwaka 1915 Walter Adams alipochambua nuru yake alikuta kwamba ni nyeupe na ya moto mkali, jambo ambalo, pamoja na ufifi wake, lilimaanisha kwamba ni ndogo kupita kiasi na nzito kupita kusadikika. Mwaka 1926 Ralph Fowler wa Cambridge alieleza kinachoizuia nyota hiyo isizidi kuporomoka: elektroni zake zimesongamana mpaka haziwezi tena kusongezwa, na msukumo wao hautegemei joto hata kidogo.

Mwishoni mwa Julai 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza, na katika safari ile, akiikata bahari ileile inayopitwa na majahazi ya kaskazi na kusi, alikaa na karatasi zake akaifanya upya hesabu ya Fowler kwa kutia ndani yake kanuni za Einstein. Jawabu lilimshangaza. Uzito wa kibete cheupe una mpaka, ambao leo tunauhesabu kuwa karibu mara 1.4 ya uzito wa jua, na nyota ikiuvuka mpaka huo haina tena nguzo ya kuitegemeza. Tarehe 11 Januari 1935 aliileta hoja hiyo mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Falaki katika London, na mara alipomaliza alisimama Arthur Eddington, mkubwa wa wanafalaki wa zama zile na mtu ambaye kijana huyo alikuwa akimheshimu na kuzungumza naye mara kwa mara, akasema kwamba bila shaka iko kanuni ya maumbile ya kuizuia nyota isifanye upuuzi kama ule. Na watu wakacheka. Chandrasekhar hakuwa na jeshi la kumjibu Eddington, alikuwa na hesabu tu. Akaiandika kikamilifu katika kitabu, akageukia mambo mengine, na tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1983.

Kwa kupatikana mpaka huo, mlango wa elimu ya mipasuko ulifunguka. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky, katika California, walizitenga supanova, yaani nyota zipasukazo kama hizi, na nyota mpya za kawaida. Mwaka 1941 Rudolph Minkowski akazigawa kwa alama za nuru zao, zile zisizo na haidrojeni upande huu na zenye haidrojeni upande ule. Na mwaka 1960 Fred Hoyle na William Fowler wakatoa rai kwamba kundi mojawapo ni la nyota zinazolipuka kwa moto wa viini ndani ya mada iliyosongamana. Hapo ndipo penye siri ya kibete cheupe. Gesi ya kawaida ikipata moto hutanuka, na ikitanuka hupoa, kama mvuke uinuavyo kifuniko cha sufuria ukapata njia. Lakini mada ya kibete cheupe, kwa kuwa msukumo wake hautegemei joto, hupata moto isitanuke, na kwa kutotanuka kaboni huzidi kuungana, na kwa kuzidi kuungana joto huzidi tena, mpaka inapofika lahadha ambayo hakuna cha kuuzuia moto. Katika muda wa sekunde chache nyota iliyokaa kimya mamilioni ya miaka huwa imeungua na kutawanyika kwa mwendo wa kilomita zipatazo 10,000 kwa sekunde. Mwako huo hufanya nikeli yenye mnururisho, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6, na kobalti nayo nusu yake hugeuka chuma kwa siku 77. Na kugeuka huko ndiko kunakoifanya supanova ing'ae wiki nyingi baada ya mlipuko wenyewe kwisha. Ibn Sina alipoandika kwamba nyota ilififia taratibu kwa karibu miezi mitatu, alikuwa akiandika, pasipo kujua, habari za kobalti.

Ama ni nini kinachokiwasha kibete kilichopoa, wataalamu waligawanyika mapote mawili. Mwaka 1973 Whelan na Iben walisema kwamba kibete huwa na mwenzi hai, akamnyonya gesi yake kidogo kidogo mpaka akaukaribia mpaka wa Chandrasekhar. Mwaka 1984 Iben pamoja na Tutukov, na Webbink kwa upande wake, wakasema kwamba wanaopatikana na maafa ni vibete viwili, ambavyo huzungukana na kukaribiana kwa dahari hata vikagongana. Mjadala haukuwazuia watu kuzitumia nyota hizo, kwa kuwa zilionekana kufanana mno. Na baada ya Mark Phillips kuonyesha mwaka 1993 kwamba ile inayofifia pole pole ndiyo iliyong'aa zaidi, zikawa kipimo cha umbali cha kuaminika, hata mwaka 1998 makundi mawili ya wanafalaki yakazitumia kugundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa mwendo unaozidi. Ugunduzi huo ulipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari ambayo hukifuata kila kipimo kizuri, nayo ni kukitupa kisichoafikiana nacho. Kwa bahati njema hawakutupa. Mwaka 1991 peke yake ulileta waasi wawili: mmoja aling'aa kupita kaida, na mwingine, katika galaksi ya M84, hakufika robo ya nuru aliyotarajiwa kuwa nayo, tena akazimika upesi. Mwaka 2002 ilionekana supanova hafifu ambayo mada yake ilitawanyika kwa mwendo wa nusu ya kawaida. Ikaandikwa, ikawekwa kando, na wenzake wakazidi kupatikana hata mwaka 2013 wakapewa jamii yao wenyewe, iitwayo Iax. Mwaka 2003 ilitokea nyingine ambayo hesabu ilionyesha uzito wa zaidi ya jua mara mbili, juu ya mpaka wa Chandrasekhar, jambo linalokaribia kulazimisha kwamba waliopasuka walikuwa vibete viwili pamoja. Na mwaka 2008 msichana wa miaka 14 wa jimbo la New York, katika kuchungua picha za mbingu, aliona doa la nuru lililokuja kuwa mojawapo ya supanova dhaifu kabisa zilizopata kujulikana.

Waasi wa jamii ya Iax ndio walioipindua kaida kwa nguvu zaidi, kwa sababu ilianza kudhihiri kwamba baadhi yao hawafi. Moto huanza ndani ya kibete, hukimbia pole pole usigeuke mlipuko kamili, hutupa nje sehemu ya mwili wake, kisha huzimika, na nyota husalia ikiwa na majeraha. Supanova ya mwaka 2012 katika galaksi ya NGC 1309 ilikuwa na bahati ya kwamba darubini ya Hubble ilikwisha kupiga picha mahali pale miaka mingi kabla. Na ilipopiga tena baada ya nuru ya mpasuko kushuka, mwaka wa 2022 wataalamu walieleza kwamba nyota iliyokuwapo haikutoweka, bali inang'aa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kabla ya hapo, mwaka 2017, kilielezwa kibete cha ajabu chenye neoni, oksijeni na magnesi usoni pake, kinachokimbia kuzidi kilomita 800 kwa sekunde, mwendo wa kukitoa kabisa katika Njia Nyeupe yetu. Nacho kinasadikiwa kuwa kipande kilichotupwa na mpasuko usiotimia. Mwaka 2018 chombo cha Gaia kikaonyesha vitatu vingine vikikimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ambavyo fasili yake ni kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenzake, na mwenzake huyo akapasuka ghafla akamwachia mkono. Na mwaka 2025, katika mabaki ya supanova moja ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, yalionekana maganda mawili ya kalsiamu, moja ndani ya jingine, ushahidi wa kwamba kibete kilipasuka mara mbili: kwanza ganda la heli juu yake, kisha, kwa kishindo cha hilo, kiini chenyewe, kabla hakijaufikia mpaka wa Chandrasekhar.

Katika hali hiyo ndipo daftari la mwaka 1181 lilipofunguliwa tena. Mwaka 2013 mpenzi wa falaki wa Marekani, Dana Patchick, alipokuwa akichambua picha za mwanga wa infraredi, aliona wingu dogo la mviringo katika Mke wa Kurusi, ambalo likaitwa Pa 30. Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba katikati ya wingu hilo pana nyota isiyo na haidrojeni wala heli, yenye joto la digrii zipatazo 200,000, inayopuliza upepo wa kilomita 16,000 kwa sekunde. Mwaka 2021 wengine walipima kutanuka kwa wingu, wakahesabu kurudi nyuma, wakakuta kwamba lilianza kiasi cha miaka elfu iliyopita. Wakafungua hati za Uchina na Japani, na pale hati zinapoelekeza ndipo wingu lilipo. Vipimo vya mwaka 2024 vikaipa hukumu hiyo ithibati zaidi. Mgeni hafifu wa 1181, ambaye ufifi wake uliwasumbua watu karne nane, inasadikiwa alikuwa hafifu kwa sababu alikuwa Iax: vibete viwili viligongana, vikalipuka nusunusu, na kilichosalia kingali kikiwaka. Falau katibu mmojawapo angaliona haya kuandika nyota isiyo na fahari, au angaliipamba ili ifanane na ile ya 1006, kitendawili hicho kisingepata jawabu.

Mwaka 2025 ulileta shahidi mwingine, kutoka Kairo. Wanazuoni wa Ujerumani walieleza kwamba mshairi Ibn Sana al-Mulk, katika kasida ya kumsifu Sultani Salahuddin, alitaja kwamba nyota zimeongezeka katika Kiganja cha Hina, jina ambalo Waarabu hulipa kundi hilohilo la Mke wa Kurusi. Mshairi alitaka fadhila za Sultani. Mnajimu wa Uchina alitaka radhi za mfalme. Ali bin Ridhwan alitaka kufasiri ubashiri wa Batlimusi. Na Chandrasekhar alitaka nambari zake zikubalike na wakubwa. Nia zao zilikuwa mbalimbali na nyingine zimekwisha pitwa na wakati, lakini kila mmoja alitia katika maneno yake kitu kimoja ambacho hakukibuni, mahali au siku au kipimo, na hicho ndicho kilichowanufaisha wageni wasiojuana naye.

Leo darubini ya Vera Rubin katika milima ya Chile imejengwa ili kuipiga picha mbingu nzima ya kusini kila baada ya siku chache, na supanova itakazozinasa zitakuwa nyingi kuliko macho ya watu yanavyoweza kuzisoma, hata kazi ya ukatibu itabidi ikabidhiwe kwa kompyuta. Mashine hufundishwa kwa kuonyeshwa yaliyo ya kawaida, na udhaifu wa kila aliyefundishwa hivyo ni kuliona geni akalihesabu kuwa kosa. Atakayezitumia akumbuke kwamba katika historia ya elimu hii yaliyofanana na kaida yalitupa kipimo, na yaliyokataa kaida ndiyo yaliyotufahamisha tunachokipima.